Operesheni ya Kuzima Seva ya Juu ya Friji

Idara ya Mwelekeo wa Intaneti inayo furaha kubwa kuutangazia umma kwamba nyumba zote sasa zinapokea intaneti kwa utulivu, isipokuwa moja. Intaneti ya nyumbani kazi yake ni kuingia. Ikianza kutoka, yaani nyumba ikiwapelekea watu wengine vitu, hiyo ni shughuli ya ofisi. Mimi, Katibu wa Kamati ya Kuzuia Utokaji, niliongoza msafara mwenyewe.

Nyumba ni ya mshonaji mmoja, mjane. Seva tuliikuta jikoni, juu ya friji: kompyuta kuukuu isiyo na kioo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, inanguruma kama paka aliyeshiba.

"Shikamoo, mama. Tumekuja kuzima."

"Marahaba, baba. Kuzima nini?"

"Utokaji."

"Vueni viatu kwanza. Nimepiga deki sasa hivi."

Kamati nzima ilivua. Mjumbe wa Sheria alikuwa na soksi yenye dirisha, jambo ambalo halikuingizwa kwenye kumbukumbu.

Mjane alitueleza. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa vyombo vya umeme. Alipougua alijirekodi akifundisha kutengeneza feni, pasi na birika, akaziweka sauti hizo kwenye seva, anayetaka asikilize bure.

"Sauti yake imebaki humo tu," alisema. "Na diski imezeeka. Mwenyewe aliniambia ikizimwa haiwaki tena."

"Si unakili kwingine?"

"Nanakili, baba, ila inatoa kidogo kidogo, kama mgonjwa anayebembelezwa ale. Nipeni muda imalize. Mkizima leo, mtakuwa mmemzika mara ya pili."

Tuliguswa sana. Hata hivyo, kuguswa hakumo kwenye kanuni.

Kilichotuchelewesha ni utaratibu. Kabla ya kuzima, kosa lazima lithibitishwe. Mkurugenzi akaagiza kila mtumishi wa Idara aingie kwenye seva hiyo, asikilize, na aseme kama kweli intaneti inatoka. Na ili kuokoa muda, akasaini kabisa amri ya adhabu: atakayebainika kuigeuza intaneti ya nyumba kuwa ya ofisi, akatiwe intaneti mara moja.

Watumishi walithibitisha kwa bidii ambayo Idara haijawahi kuiona. "Haya, usiogope," ilisema sauti ya marehemu kutoka kila meza. "Feni haikuchukii. Imechoka tu, kama wewe." Feni ya uhasibu, iliyokuwa pambo tangu enzi za mkurugenzi aliyepita, ikazunguka na kutawanya mafaili. Watu wa masijala wakaleta pasi za nyumbani kwao. Birika la Mkurugenzi likachemka, na yeye mwenyewe akasikika korido nzima akishangilia, "Limepiga mluzi! Jamani, limepiga mluzi!"

Mjane akanipigia simu. "Baba, mmejaa humu mpaka nakala imekwama. Mnanimalizia mume wangu."

Siku hiyohiyo mtaalamu wetu wa mitambo aliwasilisha taarifa mbele ya Mkurugenzi.

"Mheshimiwa, kosa limethibitika. Intaneti ya nyumba ile inatumiwa na ofisi."

"Safi! Mkosaji kakatiwa?"

"Kakatiwa sasa hivi."

"Ni nani?"

"Sisi, mheshimiwa."

"Sisi akina nani?"

"Jengo hili. Lote."

Mkurugenzi alitazama kompyuta yake. Ilikuwa imetulia kama jiwe.

"Basi futeni amri!"

"Amri hufutwa kwa rufaa, na rufaa hutumwa kwa mtandao," nilimkumbusha. "Tena kanuni yako inasema lazima itumwe kutoka kwenye nyumba inayohusika."

Ndivyo Mkurugenzi alivyojikuta peku jikoni kwa mshonaji, kompyuta mapajani, anatuma rufaa kwa Idara yake mwenyewe. Jibu la mashine lilikuja papo hapo: *Ombi lako linashughulikiwa. Usikate mawasiliano.* Wa kulishughulikia, bila shaka, ni yeye, akirudi ofisini.

Seva na kisanduku cha intaneti vilikuwa vinakula umeme kwenye plagi moja. Mkurugenzi akaketi chini, mgongo kwenye friji, mikono imetandazwa mbele ya plagi ile kama kipa. Mjumbe wa Sheria alipokatiza tu kwenda kunywa maji, alifokewa, "We! Pita mbali!"

Ofisi ikiwa haina intaneti, hapakuwa na wa kuijaza seva. Nakala ikachanja mbuga. Mjane alishona huku jicho moja liko juu ya friji, hadi akaiacha cherehani, akasimama, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Imemaliza," alisema polepole. "Yote. Hata pale anapokohoa." Akavuta pumzi. "Haya, wanangu. Sasa mnaweza kuzima."

"Nani kasema kuzima?" Mkurugenzi aliikumbatia plagi. "Mama, nakuomba. Rufaa yangu iko njiani!"

Mjane akacheka mpaka akashika meza.

"Basi usikae bure," akasema, akamsogezea kisu na sahani ya vitunguu.

Idara inawaomba wananchi wawe na subira. Mkurugenzi anaendelea kumenya, huku marehemu akimweleza namna ya kufungua pasi. Machozi yake, tungependa kufafanua, ni ya vitunguu.