Mbuzi Mwenye Miwani

Jumanne, 2 Julai 1996
Imefika! Kaseti ya kunoa akili, pamoja na kijitabu cha mazoezi, kwa basi la kutoka Nairobi. Na kwa wakati wake hasa. Ijumaa wakwe wa mtaa wa Galbet wanakuja kumposa mjukuu wangu Ugbad, nami nitawakaribisha kwa abtirsi, yaani kuwataja mababu wa kijana mmoja baada ya mwingine. Kwenye posa iliyopita niliruka babu mmoja. Ukoo mzima ulinuna. Shemeji yangu Guleid anakitaka kiti changu cha usemaji wa ukoo. Leo msikitini aliniuliza safari hii nitamwacha nani njiani.

Jumatano, 3 Julai
Maelezo kidogo, maana ualimu haustaafu. Ubongo ni msuli, inasema kaseti. Kila neno ligeuze kuwa picha, tena ya kuchekesha, halitatoka kamwe. Nimeitaja orodha yote ya kaseti bila kosa: mwavuli, tembo, msumari, keki! Kijitabu kimenipa daraja la Bingwa!

Mke wangu Kaltun alinituma mtaa wa Waberi nilete maziwa ya ngamia. Nilirudi na mafuta ya taa. Akasema basi kaseti inanoa akili ya kujibu kaseti. Hajasoma saikolojia. Akanishauri nikae na wazee baada ya alasiri, niyataje majina kwa sauti kama watu wote. Kama watu wote! Mimi, Bingwa!

Alhamisi, 4 Julai
Mababu wote wamepata picha. Ayanle: ngamia ndani ya suti. Samatar: tembo juu ya baiskeli. Warsame: mbuzi mwenye miwani. Nimecheka hadi machozi. Guleid alinikuta nacheka peke yangu, akaenda kumwambia Kaltun aniangalie kwa karibu.

Ijumaa, 5 Julai
Baada ya swala. Sebule imejaa. Nikasimama. Kijana ni mwana wa Ayanle, mwana wa Samatar, mwana wa... Nilimwona! Pembe, ndevu, fremu nyeusi. Jina hakuna. Nikangoja. Wakwe nao wakangoja. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mwana wa mbuzi mwenye miwani."

Ami wa kijana akavua miwani yake polepole, akaitia mfukoni.

"Warsame," akasema Guleid. "Mwalimu anawatania, jamaa zangu. Ndiyo mapenzi yake."

Kisha akawataja waliobaki wote, bila hata kukohoa. Wakwe wakacheka. Posa imepita, alhamdulillahi. Lakini siku ya harusi msemaji ni Guleid.

Jumamosi, 6 Julai
Nimetafakari kisomi. Je, ni picha gani iliyopotea? Hakuna hata moja! Kwa hiyo kaseti inafanya kazi barabara. Kasoro iko kwenye majina. Nimeagiza sehemu ya pili, ya wenye vipaji. Guleid atatafuta pa kujificha!

Kaltun ameniuliza hiyo sehemu ya pili inaitwaje. Nimeiona wazi kabisa: twiga anapiga mswaki.

Jina litakuja.