Nafasi ya Pushpa Mstari wa Mbele

Jumatatu, 5 Machi 1973
Kwa Pushpa

Nakuandikia kwa Kiswahili, kama tulivyokuwa tukiandikiana darasani, kwa sababu mama hawezi kukisoma. Amekaa hapa kando yangu. Nimemwambia hizi ni hesabu za dukani. Amenisifu.

Habari yenyewe ni hii. Malek amepita leo. Malek yule yule, monita wetu wa Kilosa. Sasa ana duka la magazeti hapa Kilburn, na bado anakohoa kabla ya kusema ili watu wanyamaze. Amekodi ukumbi. Jumamosi wote wa darasa letu la 1961 waliofika London watakutana, na tutapiga tena ile picha ya kumaliza shule, kila mtu mahali pake pa zamani.

Nilifurahi. Nilikukumbuka ulivyokuwa siku ile, ubuyu umejaa kwenye mkebe wa bikari, ulimi mwekundu, umefunga mdomo ili kamera isione.

Kisha Malek akasema kwamba kwa kuwa wewe ulituacha Novemba, mahali pako atasimama mkewe, Nurjehan. Pengo mstari wa mbele halipendezi.

Nurjehan! Kasoma Tabora!

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nilisema, vizuri Malekbhai, nikamfungulia mlango. Lakini hasimami pale. Nimeapa. Kimoyomoyo, ila nimeapa.

Jumanne, 6 Machi

Mpango wa kwanza. Nimekwenda kwa Nurjehan, nikamwambia kama rafiki kwamba kamera humnenepesha mtu anayesimama pale. Nikakutaja wewe kama mfano. Nisamehe.

Amenishukuru sana. Akasema basi atavaa gauni jeusi, linapunguza mwili. Akanipa sahani ya muhogo wa nazi kwa sababu nimekonda. Nimekula yote. Ulikuwa mtamu, na hilo limeniuma zaidi.

Jumatano, 7 Machi

Gauni jeusi limeletwa kufupishwa. Limeletwa wapi? Kwetu kazini, duka la ushonaji la Stratford. Fundi Himid akanipa mimi.

Mpango wa pili ulikuja wenyewe: nilifupishe mpaka asiweze kutoka nyumbani. Nilishika mkasi. Nikaliangalia gauni. Kitambaa kizuri, mshono wa maana.

Nimelifupisha vizuri. Himid amesema ni pindo safi kuliko yote niliyowahi kushona.

Alhamisi, 8 Machi

Mpango wa tatu, na huu hauna kasoro. Sanamu ya dukani, ile ya kuvalishwa nguo. Nitaiwahisha mahali pako kabla ya Nurjehan. Mtu akishasimama mahali, hata akiwa wa plasta, huwezi kumsukuma mbele ya watu.

Himid aliniuliza ya nini. Nikamwambia ya kumshikia mke wangu nafasi. "Mchukue," akasema. "Lakini ana mkono mmoja tu, na huo wenyewe haukai."

Akaifunga kanga, isitembee uchi mbele za watu.

Kwenye treni ya chini ya ardhi mkaguzi wa tiketi akauliza kama huyu yuko pamoja nami. Nikasema ndiyo. Akasema basi alipe. Nikamlipia nauli ya mtoto.

Mama ameikuta sebuleni jioni, taa haijawashwa, akaikaribisha chai. Sasa hazungumzi nami.

Jumamosi, 10 Machi

Ukumbini. Malek akauliza nani amealika kile kitu. Nikasema ni mgeni wangu. Akaamuru kikae mlangoni. Kufumba na kufumbua kilikuwa kimetundikwa makoti na mwavuli.

Nikangoja. Watu walipoanza kujipanga, nikaipakua, nikaiburuta nyuma ya meza ya sambusa. Mkono ukachomoka, ukabiringika chini ya meza. Nikaufuata kwa magoti. Kitambaa cha meza kilifika karibu na sakafu, kwa hiyo nilichokiona ni viatu tu.

Hapo Malek akakohoa, akapiga kelele: "Mstari!"

Unakumbuka, Pushpa. Mwalimu mkuu wetu hakuwa akihesabu watu. Alihesabu mapengo, ilikuwa haraka zaidi. Kila mmoja alinyoosha mkono kupima bega la jirani, na nafasi ya asiyekuwepo iliachwa wazi. Jirani wa kulia alimtaja. Ukiziba pengo, mstari mzima unachapwa.

Basi Malek alipopiga kelele, nilisikia mikono ikinyooka. Watu wazima, wana vipara, wana matumbo, wana mikopo ya nyumba. Viatu vikasogea, vikaachana. Katikati viatu vipya vya Nurjehan vikaingia, vikasimama. Mpiga picha akawaomba wabanane. Hakuna aliyebanana.

Kisha Zainab, aliyekuwa akisimama kulia kwako, akasema kwa sauti ile ile ya shule:

"Pushpa hayupo, sir."

Malek hakukohoa.

"Liacheni pengo," akasema.

Viatu vya Nurjehan vikarudi nyuma polepole. Nikamsikia akisema yeye atashika mikoba, wampe yote. Sauti yake haikuwa sawa.

Nami nilikuwa chini ya meza, nimekumbatia mkono wa plasta, siwezi kutoka na uso ule. Nilipojifuta nikainuka kwa haraka. Nikagonga kichwa. Sambusa zikamwagika. Taa ya kamera ikawaka wakati huo huo.

Mpiga picha alikuwa na harusi. Hakungoja.

Jumatano, 14 Machi

Malek ameleta picha. Mstari wa mbele, nafasi yako wazi, kama ilivyotakiwa. Mstari wa pili, nyuma yako, pale niliposimama mwaka ule kipaji cha uso wangu tu kikionekana juu ya nywele zako, nafasi yangu wazi pia. Ukiangalia unapita katikati yetu moja kwa moja hadi ukutani.

Malek aliishika kwa muda mrefu. Akasema tumetoka vizuri, wote wawili.

Nimeshaona kosa liko wapi. Sanamu ilikuwa na mkono mmoja. Himid anayo nyingine, ya mikono miwili, na picha lazima irudiwe wakati wa Pasaka. Malek bado hajui. Nitampelekea sambusa kwanza.

Safari hii nitasimama nyuma yako mapema sana, kabla hata mlango haujafunguliwa.

Huko uliko, Pushpa, unikumbuke.