Lenzi ya Moja kwa Moja

Jumatatu, 3 Machi

Leo nyota yangu imewaka. Sonara wa pale kona ameingia studio mwenyewe, hakutuma mtu. Anataka picha za pete zake zote aziweke mtandaoni, na anataka mteja aone hadi alama ya nyundo. Nikamwambia amefika. Akasema bado, maana amempitia na shemeji yangu pia. Kila mmoja wetu kaachiwa pete moja ya dhahabu, pana, imesuguliwa mpaka unaweza kujitazama humo ukinyoa ndevu. Jumamosi tunampelekea picha achague.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Ana studio ng'ambo ya barabara, begi la kamera la njano, na tabia ya kukwambia "taratibu" kabla hujaanza kukimbia. Simchukii. Namtakia kila la heri katika kazi nyingine yoyote.

Jambo lenyewe si dogo. Studio imedoda tangu watu wajue kujipiga wenyewe kwa simu. Baba mkwe kaniwekea nafasi kwenye duka lake la magodoro. Mke wangu kasema kwa upole, ule upole wake wa kutisha, kwamba nikikosa kazi ya sonara, Jumatatu ijayo naanza kuuza magodoro. Vumbi la sponji hunipigisha chafya hadi machozi. Sikuzaliwa kwa ajili hiyo.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi nimeipiga pete kwa lenzi yangu ya harusi. Lenzi hii humvuta bibi harusi hata akiwa bado ndani ya gari. Pete imetoka kama punje ya mtama katikati ya uwanja wa mpira. Nikisogea karibu, ukungu mtupu.

Nikaenda kwa muuza lenzi. Akaniuliza nataka sitini au mia. Nikamwambia sikuja kuulizwa umri. Akanieleza kwamba hizo ni milimita. Ya sitini itanilazimu niisogelee pete mpaka lenzi yenyewe iizibie mwanga. Ya mia itaniacha nikae mbali kidogo, mwanga upate pa kupita. Ila nichague yoyote, akasema, mradi iwe ya moja kwa moja. Hapo akaitwa na mteja mwingine.

Nikabaki mimi na kabati. Mle ndani mlikuwa na ya tatu, ndefu, yenye heshima zake, imeandikwa MAKRO, yaani ya kupigia vitu vidogo, kwa rangi ya dhahabu. Nikaijaribu kwenye kamera yangu. Ikaingia, tik, moja kwa moja, bila kulazimishwa! Tukabadilishana kwa flashi yangu. Muuzaji akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba fundi haulizwi mara mbili.

Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya. Pete ya leo imetoka kubwa kuliko mtama, lakini haijafika hata maharage. Alama ya nyundo haionekani. Hata pete yenyewe inabidi uelekezwe.

Shemeji kapita kunisalimia, kaona lenzi, kakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Akasema moja kwa moja maana yake ni vipimo: kitu kinatua ndani ya kamera kwa ukubwa wake uleule, moja ya huku kwa moja ya kule. Hiyo yangu, akasema, inafikia robo tu. Nikamwuliza kwa nini wasiseme sawa kwa sawa watu wakaelewana.

Yeye anayo ya mia. Ya kweli. Kainunua mwaka jana kwa ajili ya kupiga vifungo vya mashati. Akaniongezea ushauri ambao sikumwomba, kwamba shida ya pete si lenzi, ni kwamba dhahabu ni kioo, na yeye anajenga kibanda cha karatasi nyeupe aiweke pete ndani. Mtu mzima anajenga kibanda. Najua ananipoteza njia.

Nimerudi kwa muuza lenzi. Flashi yangu imeshapata bwana mwingine.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata wazo. Nimemwambia mke wangu kwamba ni muda mrefu kaka yake hajala kwetu, na damu ni nzito kuliko maji. Akanitazama kwa shaka. Nikamkumbusha kwamba kaka mtu anapenda nyama. Sikumkumbusha kwamba kaka mtu akila nyama hulala.

Kuazima si kuiba, hasa kwa shemeji.

Ijumaa, 7 Machi

Mambo yameenda kama maji mtaroni. Shemeji kala, kaongezewa, kasifu, kavua viatu, kajinyoosha kwenye kochi la sebuleni. Kabla vyombo havijatolewa alikuwa anakoroma. Begi la njano lilikuwa hapo chini, karibu na kichwa chake.

Lenzi ya mia! Nimeitoa kama mtu anayetoa mtoto kitandani. Sina flashi tena, kwa hiyo nikaiweka pete kwenye kigoda, nikaielekeza dirishani. Joto lilikuwa kali, nikavua shati. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama mpaka magoti yakalia. Lakini picha! Kila pigo la nyundo limejaa kioo kizima cha kamera. Machozi yalinilengalenga.

Mke wangu katokea jikoni, kanitazama, kamtazama kaka yake, karudi jikoni. Lenzi ilikuwa imesharudi kwenye begi shemeji alipoamka. Siku za mwizi ni arobaini. Mimi nilihitaji mchana mmoja tu.

Jumamosi, 8 Machi

Sonara kaiweka picha yangu juu ya meza, kabandika jichoni kile kioo chake cha kukagulia vito, kainama. Kakaa hivyo muda mrefu. Nikajua nimeshinda. Kisha akaniuliza huyu aliyelala ni nani.

Nikasema hakuna aliyelala. Akampa shemeji kioo. Shemeji kainama naye, halafu akasema hicho ni kidole gumba chake cha mguu, anakitambua kwa tundu la soksi. Pale ubavuni mwa pete, wazi kabisa, kulikuwa na kochi langu, shemeji mdomo wazi, begi la njano nalo mdomo wazi, na mimi nimepiga magoti kwa fulana. Shemeji akauliza, taratibu, begi lilifunguliwa kwa nini. Nikasema lilihitaji hewa.

Sonara alisema hajawahi kuona picha kali namna ile, na hilo ndilo tatizo lake, kwa sababu yeye anauza pete, hauzi sebule. Kazi kampa shemeji. Ya shemeji ilikuwa dhahabu tupu, haina mtu ndani.

Tukiwa njiani shemeji hakunigombeza. Alisema tu kwamba ningemwomba angenipa. Niliona aibu kuliko kama angenizaba kofi.

Mke wangu aliitazama picha, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akajifuta macho. Akasema nimepiga watu mtaa mzima, na humu ndani hakuna picha yangu hata moja. Kaibandika ukutani, juu ya kochi. Mimi nilimshikia kigoda.

Jumatatu, 10 Machi

Duka la magodoro. Chafya tangu asubuhi. Baba mkwe anataka picha ya godoro lake kubwa kwa ajili ya bango la mlangoni, na akaniambia nirudi nyuma hatua chache nipige, basi. Mzee wa watu, hajui anaongea na nani. Kurudi nyuma kila mtu anaweza. Mteja anatakiwa aone kila kitundu cha sponji, moja kwa moja.

Nimeshamwambia mke wangu amwalike kaka yake Ijumaa, na nyama iwe nyingi. Safari hii sirudii kosa. Nimemnunulia soksi mpya.