Vitu Vitatu Vinavyoifuata Kamera

Mheshimiwa Mkuu wa Kambi, waheshimiwa wakuu wa idara, manaibu wao na manaibu wa manaibu, waheshimiwa mliokosa viti, wadau wote wa anga, na wewe mwanangu kipenzi, fundi wa kamera za jeshi, nyoosha mgongo baba, watu wakuone! (Makofi.)

Mimi mama yenu, Mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo, niliyeishia darasa la saba lakini nikazaa mtaalamu, nasimama mbele ya jengo hili la kisasa kuzindua Kituo cha Kutambua Vitu Visivyotambulika. (Vigelegele.) Mnajua wenyewe kwamba tangu ile siku ya wazazi kutembelea kambi, kamera ya ulinzi inanasa vitu vitatu vya mviringo angani, na takwimu za kitaalamu zinathibitisha kwamba vina akili asilimia mia na kumi, maana kamera ikigeuzwa mashariki vipo, ikigeuzwa magharibi vimeshatangulia, wala havihemi! (Minong'ono.) Na siku hiyo nilikuwepo, nikaikuta kamera imeshushwa, iko mezani kwa mwanangu, kioo vumbi tupu, nikakipangusa kwa vidole hivi hivi vilivyompaka mafuta tangu anazaliwa. (Kicheko nyuma.) Nani anacheka? Wewe fundi cherehani, wa kwako ameshaona nini angani?

Sasa Mkuu wa Kambi katamka kwamba mwanangu asipoeleza leo vitu hivyo ni nini, anahamishiwa stoo kupanga mabuti. Jamani, kichwa kile kipange mabuti? Ndiyo maana mchakato, mkakati na modaliti zote zimekamilika ili awe Mkurugenzi wa Kituo. Njoo uwaeleze, baba.

(Fundi wa kamera: "Mama, ni alama za vidole vyako. Nimefuta kioo asubuhi, hakuna kitu tena." Kicheko kikubwa. Mkuu wa Kambi anampa mkono: "Basi, stoo huendi.")

Mmesikia? Mkurugenzi hajakalia hata kiti, adui ameshafutwa! Anga safi! (Umati: "Mama safi!") Mtoto safi! (Vigelegele.)

Nawashukuruni nyote kwa kuhudhuria uzinduzi, pamoja na ufungaji, wa mradi huu. Na ninyi vijana mlioshikilia jengo huku nyuma yangu, shusheni nguzo polepole, mlikunje turubai vizuri, rangi isibanduke. Kesho linakuwa hospitali.