Mbwa wa Meneja

Jumamosi, 14 Juni

Nimemleta! Yuko jikoni ndani ya katoni ya mabomba ya kuogea, amelala kama kiumbe asiye na wasiwasi wowote duniani. Wasiwasi wote ninao mimi.

Mbwa wa aina ya Labrado. Mbegu safi, si chotara. Wiki tisa, rangi ya chai ya maziwa, miguu mikubwa utadhani kavaa viatu vya kaka yake. Na ana cheti. Kimeandikwa baba, mama, babu na bibi wa pande zote mbili, kina muhuri wa dhahabu, na chini kabisa jina la mmiliki: mimi. Miaka kumi na moja natunza stoo ya kampuni ya vifaa vya maji, sijawahi kuandikwa kwenye karatasi nzuri namna ile.

Mama mfugaji alinihoji kuliko wakwe walivyonihoji nilipopeleka posa. Uzio upo? Upo. Mkeo ameridhia? Nikasema ananisubiri getini kwa hamu.

Na kweli alikuwa getini. Alikuwa anaanua nguo. Akaitazama katoni. Katoni ikalia. Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu Jumanne: ulinzi, mazoezi, ndoto yangu ya utotoni. Mdomo ukafunguka wenyewe ukasema mbwa ni wa meneja, kasafiri, kaniomba nimtunzie wiki moja.

Mke wangu anafundisha hesabu. Uongo usiojumlika anaunusa kutoka mbali. Akauliza kwa nini mimi. Nikasema meneja ananiamini. Akauliza kama ni meneja yule yule anayeniita kwa jina la mtu aliyestaafu. Nikasema ndiye.

Mama mkwe, aliyekuja kwetu kutibiwa goti, akapandisha miguu yote miwili kwenye kochi, hata ule mgonjwa. Akatangaza kwamba yeye na mbwa hawakanyagi sakafu moja.

Haidhuru. Wiki moja inatosha kumpenda. Halafu meneja "atabadili mawazo" na kutuachia. Sioni pa kuharibikia.

Jumapili, 15 Juni

Nimepaona. Cheti! Kina jina langu. Mke wangu akikiona nimekwisha.

Nilikificha chini ya godoro. Nikakumbuka Jumapili ndiyo siku ya kugeuza godoro. Nikakihamishia nyuma ya saa ya ukutani. Mama mkwe anasubiri saa ya dawa, macho hayatoki ukutani. Mwishowe nikakikunja ndani ya kiatu changu cha harusi, chini ya kitanda. Kiatu hicho hakijavaliwa tangu siku ile.

Jina la mbwa kwenye cheti lina maneno saba, la kwanza ni Mwanamfalme. Nimemwita Mwanamfalme mchana kutwa, hakugeuza hata sikio. Jioni mama mkwe akapiga ukelele: "Wewe! Ondoka kwenye shali yangu!" Mbwa akamkimbilia mkia ukipepea. Akafukuzwa: "Wewe! Sikuiti!" Akazidi kuja. Basi ndilo jina lake. Wewe.

Mke wangu amecheka. Akicheka namna ile naogopa zaidi kuliko akinuna.

Jumatatu, 16 Juni

Meneja hajasafiri. Bila shaka hajasafiri! Yuko ghorofa ya pili anagonga mihuri. Tunamwita Muhuri kwa sababu hugonga kwanza, husoma baadaye, na aghlabu hasomi kabisa.

Shule ya mke wangu iko barabara moja na ofisi yetu. Asubuhi nilimshauri apite njia ya nyuma, ina hewa nzuri. Akaniambia njia ya nyuma ina dampo.

Nimepiga simu nyumbani mara tatu kuuliza hali ya mbwa, lakini naona haya, nikawa namsalimia mama mkwe tu. Mara ya tatu akauliza mkwe wake ana nini, mwaka mzima uliopita hakumpigia hata mara moja, leo shikamoo tatu kabla ya saa tisa.

Jumanne, 17 Juni

Nimerudi mapema, nikachungulia dirishani. Miguu ya mama mkwe iko sakafuni! Wewe amelala juu ya ule wenye goti bovu. Aliponiona akasema mbwa alikuwa anaona baridi. Halafu akasema joto linasaidia goti. Halafu akasema si kwamba anampenda.

Mpango unakwenda vizuri. Kwa nini basi sipati usingizi?

Jumatano, 18 Juni

Maafa.

Nimerudi nikakuta kiatu cha harusi katikati ya chumba, ulimi umetoka. Cheti hakuna. Nimepekua kila pembe. Hakuna! Mtoto amekula ukoo wake mwenyewe, babu na bibi pande zote mbili, pamoja na muhuri wa dhahabu.

Kwanza nilifurahi (Mungu anisamehe): ushahidi umekwisha. Kisha nikamwona chini ya meza. Ametapika. Pua kavu. Nikamwita kwa jina alilompa mama mkwe, nikamwita kwa yale maneno saba, mkia haukutikisika. Mama mkwe alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ananiuliza umemlisha nini mtoto, umemlisha nini.

Mke wangu akatoka shule, akatazama mara moja tu, akasema kwa daktari wa mifugo, sasa hivi. Nilimbeba kifuani njia nzima. Nilikuwa nahisi moyo ukidunda, sikujua ni wake au ni wangu.

Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, aliuliza amekula nini. Nikasema karatasi. Karatasi gani? Nikasema ya kiofisi. Akasema atalala pale atundikiwe maji. Mtoto mdogo hivi akivuka kesho atapona, asipovuka, basi. Nikabaki nimeshika katoni tupu.

Mke wangu akatoka nje kidogo. Aliporudi akasema amempigia mwenye mbwa, kwa sababu ni haki yake kujua. Nikauliza mwenye mbwa yupi.

"Meneja wako. Namba niliinakili kwenye kalenda ya kampuni, kule nyumbani ukutani."

Nikatafuta pa kukaa. Nikauliza meneja kasemaje. Akasema ameshukuru, na ameomba mbwa wake atunzwe vizuri.

Mbwa WAKE?

Alhamisi, 19 Juni

Amekunywa maji! Daktari kapiga simu saa mbili asubuhi. Ametapika kipande cha mwisho, cha dhahabu, na sasa anatafuna mpira wa dripu. Nilikaa juu ya tangi la lita mia tano nikalia kidogo.

Kisha nikaitwa ghorofa ya pili. Nilipanda ngazi nikiwa nimekwisha kujifukuza kazi mwenyewe. Ndipo nikaelewa. Muhuri huletewa zawadi na wafanyabiashara kila wiki: mbuzi, redio, saa. Hakumbuki nani kaleta nini, na hawezi kukubali kwamba hakumbuki. Mke wangu alipompigia, akadhani ni zawadi nyingine aliyoisahau.

Akauliza mbwa wake anaendeleaje. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno moja tu! Nikasema, "Amekunywa maji, bosi."

Akasema atakuja kumchukua Jumamosi. Akanishukuru kwa jina langu. Jina langu halisi! Mara ya kwanza kwa miaka kumi na moja. Na mimi, mjinga mkubwa, nikafurahi mpaka nikafika chini ya ngazi.

Ijumaa, 20 Juni

Wewe yuko nyumbani. Amekonda, masikio tu. Mama mkwe amemtandikia ile shali aliyomfukuza asiikanyage.

Baada ya kula mke wangu akaweka kitu mezani. Kipande cha karatasi, ukubwa wa ukucha, alichokiokota Jumatano kando ya matapishi, akakiosha, akakianika. Kina nusu ya jina langu.

Akauliza kama kuna jambo nataka kumwambia. Hakuuliza kwa ukali. Laiti angeuliza kwa ukali. Nikasema kampuni yetu huandika jina langu kila mahali.

Akakirudisha kwenye pochi yake taratibu, akaenda kusahihisha madaftari.

Jumamosi, 21 Juni

Amekwenda.

Gari lilifika saa nne. Muhuri akashuka na shati la nyumbani, akasema lo, mbwa mzuri, kweli huyu ni wa mbegu. Mama mkwe alikuwa amemkumbatia Wewe mapajani, hakumtoa mpaka nilipokwenda kumchukua mwenyewe. Nikasimama getini naye mikononi. Mke wangu akanisogelea, akasema polepole, mimi peke yangu nisikie:

"Sema, mwenzangu. Sema sasa hivi, nitasimama na wewe."

Nikafungua mdomo. Nikamwambia Muhuri, "Anapenda kukunwa chini ya kidevu."

Nikampa.

Mama mkwe aliingia chumbani akafunga mlango. Mke wangu hakufunga mlango wowote. Aliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumapili, 22 Juni

Nyumba kimya. Asubuhi nikasikia mama mkwe anaita, "Wewe!" Nikakimbia. Akanitazama, akasema si wewe.

Goti limevimba tena.

Nimeandika barua isiyo na jina: mbwa wa rangi ya chai husababisha upara kwa mwenye nyumba. Nikakumbuka Muhuri ana upara tangu zamani. Nimeichana.

Jumatatu, 23 Juni

Siamini ninachokiandika.

Saa nne hivi nikachungulia dirisha la stoo nikamwona mama mkwe anavuka uwanja na fimbo yake. Nikajificha nyuma ya mabomba ya inchi sita. Nikamsikia anapanda ngazi, kidato kwa kidato, ghorofa mbili, na goti lile. Sikutoka. Naandika kwa sababu daftari hili nililiahidi ukweli, hata kama watu siwaambii.

Mengine nimeyapata kwa mhasibu, ambaye alisikia yote, kama walivyosikia wote. Mama mkwe hakukaa. Alisimama mlangoni akamwambia Muhuri kwamba yule mbwa ni wa mkwe wake, kamnunua kwa jasho lake, na kwamba mkwe wake si mwizi, ni mwoga tu, na mwoga naye ana haki ya mbwa wake.

Ofisi nzima! Mhasibu akarudia sentensi ile mara mbili nisije nikaikosa.

Na Muhuri? Alishusha pumzi kama mtu aliyevuliwa mzigo. Kumbe kwa siku mbili mbwa ametafuna mkanda wa gari, mguu wa meza na kitambaa cha dirisha, na mke wake amempa hadi leo awe amemwondoa, ndiyo maana alikuja naye kazini. Alitaka kumrudisha, ila aliogopa kumwudhi aliyemzawadia. Akaandika hati ya makabidhiano, akagonga muhuri, nami nikaitwa kutia saini. Akaniita kwa jina la yule mstaafu.

Tumerudi naye kwenye teksi, mama mkwe mbele, Wewe juu ya goti.

Jioni mke wangu akasema jambo moja tu. Kwamba utotoni alikuwa na mbwa, akafa, na tangu hapo alitamani mwingine. Ningemwuliza ile Jumamosi, angesema ndiyo kabla sijamaliza swali.

Nililia kwenye taulo la vyombo. Nimeapa, na napiga mstari chini: sitasema uongo tena maishani, hata ule wa kuchelewa kazini.

Jumatano, 25 Juni

Goti la mama mkwe limepona. Anarudi kwake Jumapili. Na Wewe. Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayesema anaondoka na begi lake.

Mke wangu amenishika mkono jikoni. Mwambie, akasema. Mwambie tunampenda, abaki. Ni mama mkwe wako, si mahakama. Nikasema nitamwambia baada ya kula.

Baada ya kula nilimtakia safari njema.

Jumamosi, 28 Juni

Nimepata ufumbuzi! Mama mfugaji amebakiwa na dada yake Wewe. Rangi ile ile, umri ule ule, ila sikio moja limelegea. Nimemchukua asubuhi kimya kimya, nikampeleka stoo. Kesho kabla watu hawajaamka nabadilisha. Mama mkwe haoni vizuri bila miwani; atafurahi na wake, sisi na wetu, na hakuna atakayelazimika kusema chochote kwa yeyote. Kwani huo ni uongo? Sitakuwa nimesema neno.

Kilichobaki kilikuwa jina. Nimemfundisha saa nzima: Wewe! Wewe! Akaja mlinzi, akidhani namwita. Akaja mhasibu, maana Jumamosi hii ofisi inafunga hesabu za Juni. Mwishowe akashuka Muhuri mwenyewe, akasimama mbali kidogo, akauliza huyo mbwa ni wa nani.

Nikasema ni wa mlinzi.

Mlinzi akanitazama. Akamtazama mbwa. Ni mtu mpole, mkewe alifariki mwaka juzi, anaishi peke yake. Muhuri akampa hongera, akamsihi afiche mikanda yote ya gari. Mlinzi akachuchumaa, akanyoosha mkono, na yule mtoto, ambaye saa nzima hakunijia hata mara moja, akamwendea akalala kwenye koti lake.

Zamu yake inaisha saa kumi. Alipita na koti kifuani, sikio lililolegea likining'inia nje. Akasimama mbele yangu kidogo, kama anayengoja nimwambie kitu.

Nikamfungulia geti.

Hata hivyo siku haijaisha. Mama mkwe anaondoka kesho saa mbili, na nimekwisha kufikiri kila upande. Nitamwambia kwamba Wewe kwa kweli ni wa daktari wa mifugo.