Senge na Kioo Changu cha Kutu

Leo nimekwisha, jamaa zangu. Na aliyenimaliza ananipenda kama mwanawe.

Mnajua utafiti wangu: kioo kilichopakwa utando mwembamba wa kutu. (Ndiyo, kutu! Ni ya bei rahisi, ndiyo maana naipenda.) Ukikitia majini juani, yanatoka mapovu ya haidrojeni, gesi inayowaka. Mwaka mzima nimehangaika maabara, na kioo kimoja tu ndicho kilichokubali. Leo wafadhili walikuwa wanakuja kukiona Mabanga, kwenye kituo cha mafunzo ya wakulima kule Bungoma. Mapovu yakitokea, naendelea na masomo. Yasipotokea, narudi nyumbani Matisi kumsaidia mama dukani.

Jana nilitoka Kitale, nikalala Bungoma kwa Senge, dada ya baba. Nikamwonyesha kioo. "Haya ndiyo maisha yangu, Senge." Akakitazama, akatikisa kichwa polepole. (Nilidhani ni heshima.)

Asubuhi akanikabidhi kikiwa kimefungwa vizuri kwa kitambaa kilichopigwa pasi. Tukaenda pamoja, yeye amevaa nguo ya kanisani.

Mabanga palijaa wakulima. Nikaeleza kwa mbwembwe zote. Nikafungua kitambaa mbele ya wageni. Jamani! Kioo kinang'aa! Unaona mpaka upande wa pili! Nikakitumbukiza majini hivyo hivyo, nikamwomba Mungu. Jua lilikuwa kali. Maji yakatulia tuli.

"Si utuambie, hayo mapovu bado yako njiani kutoka Nairobi?" mzee mmoja akauliza. Watu wakaangua kicheko.

Mfadhili mmoja akainama kuangalia. "Ule utando wa kutu uko wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, Senge akasimama kule nyuma, mkono juu. "Ni mimi nirisugua! Na majivu na waya ya sufuria. Ati mtoto wetu aonyeshe wageni kioo chafu hivyo? Si watasema kwetu hatuoshi vyombo?"

Wakulima wakampigia makofi! Mfadhili akafunga mkoba. "Tutawasiliana," akasema, na nyote mnajua maana yake.

Nikaenda kulia nyuma ya zizi la ng'ombe. Nililia kweli, mwaka wangu mzima umeishia kwenye karai la Senge. Akanifuata. "Nekesa, sasa unaria nini na watu wamepiga makofi?"

Atakayecheka tusijuane. Mpaka sasa hivi Senge bado anangoja nimwambie asante.