Ungo wa Figili na Shemeji Kokuhirwa

Jumatatu, 10 Juni 2024
Leo bwana shamba Theoneste kaja hapa Isingiro kufundisha watu wazima kulima ndani ya nyumba. Ndani! Unamwaga mbegu za figili kwenye ungo wenye udongo kidogo, zikifika urefu wa kidole unakata, unakula. Kasema mbegu zikae jirani, zisipandane. Nikamwambia, kijana, mimi Gaudiosus nilizalisha mkungu wa ndizi uliobebwa na wanaume wanne, na mmoja akalia. Shemeji Kokuhirwa, mdogo wa mke wangu, akauliza aliyelia si ndiye mimi? Watu wakacheka. Tukawekeana dau hapo hapo: figili zishindane Jumapili ya Mavuno, na atakayeshindwa abebe kichwani mkungu wa mwenzake mpaka kanisani. Mzee kama mimi! Haiwezekani. Nimefika nyumbani nikajaribu, nikamwaga kopo zima, kama naanika kahawa.

Jumapili, 16 Juni
Ungo unanuka. Mbegu zimelaliana, za chini zimeoza, za juu zimeota manyoya meupe. Mke wangu Evaresta kauliza hii ni mboga au mnyama. Kokuhirwa kapita, kachungulia, kauamkia ungo shikamoo. Ungo! Mimi hakuniamkia.
Basi, nimeelewa. Mgomba unataka nafasi, na figili vile vile. Nimepanda upya, mbegu moja moja, kila moja na kiwanja chake. Juu nimetandaza nyasi, kama kwenye kibanja changu cha migomba.

Jumapili, 23 Juni
Miche saba. Hapana, sita, mmoja ulikuwa unyasi. Mirefu, imepauka, haina wa kuegemea, imelala kama watu waliotoka kunywa pombe ya rubisi. Evaresta kasema mboga hiyo panzi akila atalala njaa.
Nimeenda kwa Kokuhirwa kuomba chumvi. Chumvi tunayo. Nilitaka kuona ungo wake wa majaribio. Miche imesimama bega kwa bega kama wanakwaya, hakuna aliyemkalia mwenzake. Ndivyo nilivyokuwa nasema mimi tangu mwanzo!

Jumatano, 26 Juni
Leo wote tumepanda za Mavuno. Zangu bega kwa bega. Evaresta kaangalia ungo, kisha kaangalia moshi wa jikoni. Nimefunika ungo kwa jani la mgomba. Ila mimi kushinda hakunitoshi. Lazima na yeye aaibike.

Alhamisi, 27 Juni
Kokuhirwa kaenda kisimani. Nimeingia kwake kama mtu wa nyumbani. Ungo huo hapo dirishani, umefunikwa jani. Nimeongeza mbegu kopo zima, nikachanganya kwa kidole. Zibanane! Ziote manyoya! Natoka, nakutana naye mlangoni. Nikasema nimekuja kumjulia hali. Kanishukuru, kasema shemeji una roho nzuri. Kweli ninayo. Nimepitia kilabuni kujipongeza.

Ijumaa, 28 Juni
Ungo wangu haupo! Nikadhani mbuzi. Evaresta, huku anamenya ndizi, kasema nyumba yetu ina giza na moshi, juzi jioni kaupeleka kwa mdogo wake ukae dirishani upate mwanga. Na ungo wa Kokuhirwa? Uko chumbani kwake.
Nimekaa chini kabisa.
Nikisema, nimejifunga. Nikinyamaza, nimeoza. Nimeenda kuudai, Kokuhirwa kakataa. Kasema shemeji, muache mtoto alale, hata mimi simfunui. Kwani ulipokuja kunijulia hali hukumwona?

Jumapili, 7 Julai
Mkungu ule niliobebeshwa! Kauchagua Kokuhirwa mwenyewe, mkubwa kuliko yote kibanjani kwake. Kwaya ilipoteza wimbo. Jirani yetu Mzee Mbonimpa kauliza, kwa sauti, kama huu ndio ule wa wanaume wanne. Shingo imeingia mabegani, mpaka sasa haijatoka. Ungo wa Kokuhirwa uliwekwa mbele, kijani kimejaa sawasawa kama nywele za mtoto. Ungo wangu nao, Evaresta kang'ang'ania kuupeleka mpaka madhabahuni. Mchungaji kadhani ni uyoga, kaubariki.
Baada ya ibada watu wakanizunguka. Nikawaeleza kosa lilipo: mbegu zilikuwa chache. Kopo ni woga. Figili inataka debe. Tumewekeana tena, Krismasi, na safari hii mshindwa atabeba mkungu huku anaimba. Kokuhirwa kakubali upesi mno. Maskini, hajui kwamba sasa nimeshajua ungo wake ni ule wa chumbani.
Namsikia huko jikoni na dada yake wanacheka. Sijui nini kinawachekesha.